Mguu wa Kushoto Unaokimbia Peke Yake

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ya duka la mgao wa chakula, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na benchi lake lina miguu mitatu na tofali moja, na naandika haya mbio mbio kabla mwanangu Maylén hajaamka maana akiamka tu basi, kalamu na karatasi vyote vinaingia mdomoni mwake. Asubuhi ile ya Jumamosi nilikwenda pale na mtoto kiunoni na mpini wa ufagio mkononi, mimi mwanamke mzima wa miaka ishirini na mbili, sekondari nimemaliza na cheti kipo, nikaenda kuomba ushauri kwa wanaume watatu ambao mtaa mzima unajua hawajawahi kukubaliana hata leo ni siku gani ya juma. Lakini ningefanyaje? Kesho yake tulikuwa tunacheza besiboli na wanawake wa kiwanda cha sukari cha jirani, na kocha Milagros alikuwa ameshaniambia, tena mbele ya wenzangu: mguu wako ukikimbia tena, hata mara moja, jezi namba kumi na nne unaivua anaivaa Keila. Na mguu wangu unakimbia kweli. Mimi sikimbii jamani, mimi nasimama imara kabisa. Mguu wa kushoto ndio unaokimbia, peke yake, kila mpira ukija karibu na mwili.

Wa kwanza kuniona alikuwa mzee Evelio, ambaye sote tunamwita Radio, kwa sababu umeme wa mji mzima ukikatika yeye hakatiki. Zamani alitangaza mechi kwenye kipaza sauti cha kiwanda chetu. Kipaza sauti kilikufa, yeye akaendelea.

Radio: Mabibi na mabwana, anaingia namba kumi na nne, Yudi, mguu mwepesi kuliko yote mkoani!

Mimi: Mzee Evelio, usinianze. Sijalala.

Radio: Mtoto kasumbua?

Mimi: Mtoto kalala fofofo. Mimi ndiye sijalala. Nikifumba macho naona mkono wa Damaris.

Damaris ndiye mrushaji wao. Mrefu, hacheki, na mpira wake hauji pale katikati unapoweza kuupiga kama binadamu. Unakuja ndani, huku kwenye mbavu, huku kwenye vidole, yaani unakuja kukusalimia mwilini. Wiki kumi tu baada ya kujifungua nilirudi uwanjani kwa kiherehere changu, akaurusha mmoja, ukapita kifuani ukaondoka na kifungo cha jezi. Kifungo tu! Nimeshonea kingine nilichokitoa kwenye gauni la Maylén, cha umbo la bata, na tangu siku hiyo nasimama uwanjani na bata kifuani, mpira unakuja, bata anabaki, mguu unaondoka.

Wembe: Ngoja kwanza. Kwa hiyo mpira wenyewe haujawahi kukupiga?

Huyo ni Osmel kinyozi, Wembe, mwenye benchi, mwenye tofali, mwenye wateja wawili ambao mmoja ana kipara.

Mimi: Haujawahi.

Wembe: Hata mara moja?

Mimi: Kaka Osmel, hata mara moja. Nikuandikie ukutani?

Wembe: Sasa unaogopa upi?

Mimi: Huo huo ambao haujanipiga.

Wembe alimwangalia Radio, Radio akamwangalia mtoto, mtoto akaangalia kikombe. Pale kijiweni kikombe ni kimoja, na sheria ni kwamba aliyeshika kikombe ndiye anayesema. Ndiyo maana hakuna anayekimaliza haraka. Kahawa wanaleta kwa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Radio, kwa hiyo ilikuwa robo kahawa na robo tatu njegere za kukaanga, na wote wakainywa bila kusema kitu kwa sababu kesho zamu ni yao.

Injinia: Nipe kikombe. Nipe, Osmel. Hili jambo si la woga. Hili ni la hesabu.

Injinia anaitwa Rigoberto, anatengeneza feni. Zote akishazitengeneza zinazunguka. Baadhi zinavuta upepo badala ya kuutoa, lakini zinazunguka.

Injinia: Sikiliza, binti. Mpira wa ndani unataka mikono mifupi. Kiwiko kikae hapa, ubavuni, kana kwamba umebana bahasha. Gongo la kupigia lipite karibu na mwili. Umeshawahi kufungua mlango kwenye ukumbi mwembamba?

Mimi: Nyumba ya mama mkwe nzima ni ukumbi mwembamba.

Injinia: Basi hapo hapo! Ukinyoosha mikono, mpira unakukuta kwenye vidole, gongo linalia kama sufuria. Ukibana, unaukuta mbele yako, mapema, unauondoa kule pembeni kwenye mstari.

Mimi: Hiyo naijua, mzee Rigoberto. Kocha ameniimbia mpaka nimeiota. Kiwiko kinakaa. Nyonga inageuka. Kila kitu kinafanya kazi yake. Mguu haupo.

Injinia: Mguu haupo kwa sababu haujafungwa. Kila chombo kinachotikisika kinafungwa. Mimi nitakufunga kamba kwenye kifundo, upande wa pili nifunge chuma cha injini ya feni, kilo nne.

Wembe: Na akiupiga mpira, atakimbiaje na kilo nne?

Injinia: Hiyo ni hatua ya pili. Mimi niko hatua ya kwanza.

Wembe: Leta kikombe hapa, unapoza kahawa ya watu. Yudi, niangalie. Mimi nina miaka ishirini na sita napitisha wembe kwenye koo za watu. Koo! Kuna mtu anakimbia? Hakuna. Kwa nini?

Mimi: Kwa sababu umewashika kichwa.

Wembe: Kwa sababu wanaongea! Mteja akiongea, shingo inasahau. Kwa hiyo kesho, Damaris akinyanyua mkono, wewe anza kuongea. Muulize habari za kwao. Muulize mama yake anaendeleaje. Mguu wako utakuwa unasikiliza.

Radio: Mwamuzi atamtoa nje.

Wembe: Kwa kumjulia hali mtu? Sheria gani hiyo?

Radio: Kikombe, kikombe! Nyinyi wote mmekosea. Nimetangaza mechi miaka thelathini, nimewaona wapigaji wenye miguu ya kila aina. Tatizo ni jicho. La kushoto. Ndilo linalouona mpira kwanza, si ndiyo? Linauona, linatetemeka, linaupa mguu habari. Sasa wewe lifumbe. Mguu hautapata habari.

Mimi: Nitapigaje na jicho moja?

Radio: Vizuri zaidi. Utauona mpira nusu. Nusu ya mpira inatisha nusu.

Injinia: Hiyo ni hesabu, hapo nakubali.

Wembe: Mimi naona hata maziwa yanachangia.

Mimi: Maziwa gani?

Wembe: Si unanyonyesha? Upande mmoja ukijaa kuliko mwingine, mwili unaegemea. Kesho asubuhi mnyonyeshe upande wa...

Mimi: Kaka Osmel! Maziwa yangu yaache kabisa!

Radio akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani, na nikacheka na mimi, halafu machozi yakanitoka na sikujua yametokea wapi. Maana mimi hiyo jezi jamani. Tangu nijifungue mimi ni mama Maylén, ni mke wa Yoel, ni yule binti wa chumba cha nyuma anayeanika nepi kwenye waya wa jirani, naamka usiku kumsikiliza mtoto kama anapumua, anapumua, namwamsha kuhakikisha, analia, basi. Kila kitu naogopa. Naogopa jiko, naogopa ngazi, naogopa joto, naogopa baridi. Mahali pamoja tu nilikuwa siogopi, pale kwenye kile kibao cheupe cha mpigaji, na gongo mkononi, namba kumi na nne, mpigaji wa nne wa timu, na sasa woga umenifuata hadi huko. Nikawaambia hivyo. Sikuwa nimeshika kikombe, lakini hakuna aliyenikatiza.

Radio: Haya, mwanangu. Nipe mtoto. Twende kazini.

Mimi: Mshike kichwa.

Radio: Ana miezi minane, kichwa anakishika mwenyewe.

Mimi: Mshike tu.

Basi nikawapa mwili wangu kama feni mbovu. Injinia akaleta kamba na chuma chake akanifunga kifundo cha kushoto. Radio, mtoto mkononi, akanikumbusha jicho. Wembe akasema ongea, ongea, usinyamaze. Nikasimama barabarani mbele ya kibanda cha kinyozi, mpini wa ufagio begani, jicho moja nimefumba, mguu mmoja kwenye kilo nne za chuma, kiwiko nimebana ubavuni, na namuuliza Damaris ambaye hayupo, mama yako anaendeleaje, shoga, na kile kidonda cha mguu kimepona? Ndipo akatokea mama mmoja nisiyemjua, mfupi, kofia ya majani kichwani, mfuko mtupu umekunjwa chini ya kwapa. Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza:

Mama: Nani wa mwisho?

Hapa kwetu ukiona watu wanne wamesimama karibu na duka la mgao huulizi wanatoa nini. Kwanza unauliza nani wa mwisho, unajua unasimama nyuma ya nani, nafasi yako imekuwa nafasi, halafu ndiyo unauliza wanatoa nini. Na sijawahi, tangu nizaliwe, kusikia swali hilo likakosa jibu. Siku hiyo lilikosa. Wembe alimwangalia Injinia. Injinia, aliyeshika kikombe, akanywa.

Mama: Jamani, si nauliza? Nani wa mwisho hapa?

Radio, ambaye kimya kinamuuma kuliko jino, akajibu.

Radio: Mimi.

Mama: Asante. Na wewe uko nyuma ya nani?

Radio: Nyuma ya... Injinia.

Mama: Haya. Mimi ni Eneida, nimehamia juzi kwa binti yangu pale nyuma ya kanisa. Niko nyuma yako, mzee. Usije ukanikana.

Hata hajamaliza kukunjua mfuko wake, akafika mwanamume wa baiskeli.

Wa baiskeli: Nani wa mwisho?

Eneida: Mimi.

Wa baiskeli: Wanatoa nini?

Eneida: Hata sijui. Ndiyo kwanza nimefika.

Akaja fundi viatu, wakaja dada wawili. Akaja mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, Mungu wangu, na mimi nimefungwa chuma mguuni. Nasikia huko nyuma, kuku. Hapana, mafuta. Kuku na mafuta, mtu mmoja mmoja. Foleni ikafika kwenye nguzo ya umeme, ikakunja kona.

Wembe: Tuwaambie hakuna kitu.

Injinia: Waambie wewe.

Wembe: Mara ya mwisho watu kuambiwa hapa kwamba hakuna kitu, walikaa mpaka jioni wanabishana nani angekuwa wa kwanza. Walikaa juu ya benchi langu. Watu kumi na moja. Unadhani mguu wa nne ulienda wapi?

Eneida alikuwa hasikilizi hayo. Alikuwa ananitazama mimi.

Eneida: Na wewe binti, umefungwa kwa kosa gani?

Nikamweleza. Nilieleza kwa pumzi moja, Damaris, kifungo, bata, mguu, kesho, Keila. Akatikisa kichwa polepole.

Eneida: Haya. Na hawa wote wamekufundisha?

Mimi: Wote.

Eneida: Tangu asubuhi?

Mimi: Tangu asubuhi.

Eneida: Na mpira amekurushia nani?

Kikombe kilitoka kwa Injinia kikaenda kwa Wembe, kikatoka kwa Wembe kikaenda kwa Radio, Radio akakirudisha kwa Injinia.

Injinia: Bado tuko kwenye nadharia, bibie.

Eneida: Vizibo mnavyo?

Vizibo, kila mtoto wa hapa amekulia kwenye vizibo. Mpira wa kweli uko kwa kocha kabatini, lakini kizibo cha plastiki cha chupa, ukikirusha kwa kidole, kinavuma kama nyuki na kinakata kona dakika ya mwisho, na kinakuja ndani, kinapenda sana kuja ndani. Wembe alikuwa na kopo zima chini ya kiti cha kunyolea. Eneida akalichukua, akapima hatua kumi na tano, akageukia foleni.

Eneida: Jamani! Kuku hakuna!

Wa baiskeli: Na mafuta?

Eneida: Na mafuta hakuna! Hapa kuna huyu binti. Kila mtu anamrushia vitatu, vya ndani, mbavuni. Kwa foleni, hakuna kusukumana!

Nikajua wataondoka. Hakuna aliyeondoka. Mtu akishasimama dakika ishirini kwenye foleni haondoki mikono mitupu, hata kama alichopewa ni cha kurusha.

Eneida: Mzee ana mtoto, tumruke. Injinia?

Injinia: Mimi namwachia mgeni.

Basi Eneida akaanza mwenyewe. Mkono wake ulipita chini chini, karibu na goti, na kizibo kikaja kinaimba, kikakata, mbavuni. Mguu ukakimbia. Ukakimbia na kilo nne za chuma! Kamba ikanivuta, nikaanguka kifudifudi mbele ya mwalimu wa hesabu.

Radio: Mabibi na mabwana, mpigaji ameamua kulala!

Injinia: Kamba imefanya kazi. Mguu haukufika mbali.

Mimi: Nifungue, mzee Rigoberto. Nifungue kabla sijakufunga wewe.

Akanifungua. Jicho nikalifumbua. Kuongea nikaacha, maana mdomo ulikuwa na vumbi. Eneida akarusha cha pili, mguu ukaondoka. Cha tatu, ukaondoka. Wa baiskeli akarusha vyake, ukaondoka mara tatu, na mara ya tatu hata hakuwa amerusha, alikuwa anajikuna. Foleni nzima inacheka na mimi nacheka kwa aibu, najifuta jasho, najisemea Yudi, jezi ivue leo leo mpelekee Keila nyumbani, angalau bata umtoe urudishe kwenye gauni.

Hapo jua lilikuwa limefika juu ya paa, na Radio, kwa ajili ya mtoto, akahama. Sikumwona akihama. Kivuli pekee kilikuwa benchini, na benchi lilikuwa nyuma yangu, nyuma kabisa ya mgongo wangu, hatua tatu. Nilichosikia ni sauti yake sikioni karibu: mabibi na mabwana, anasogea mrushaji anayefuata, fundi viatu. Na hapo hapo, mtoto akacheka.

Kizibo kikatoka. Kinavuma. Kinakuja mbavuni. Na mimi sikuwaza kitu, naapa sikuwaza, ila najua mwili ulijua: nikitoka hapa nilipo, kinapita, na nyuma yangu kuna kichwa cha Maylén. Kizibo cha plastiki! Kisingemuumiza hata inzi! Lakini mama akiogopa hapimi uzito. Kiwiko kikabana, nyonga ikageuka, fimbo ikapita karibu na tumbo kama mlango wa mama mkwe, na nikasikia tik. Kizibo kikapaa juu ya duka la mgao.

Nikapiga cha pili. Cha tatu nilikikosa lakini nilikikosa nikiwa nimesimama. Wakaja wale dada wawili, akaja mwalimu akasema nyoosha mgongo kama zamani, na waliomaliza wakawa wanarudi nyuma ya foleni kuuliza tena nani wa mwisho. Nilipiga mpaka kopo likabaki tupu na Wembe akawa anatambaa kwenye mtaro kuokota. Ndipo Eneida akainama, akagusa vumbi kwa kidole.

Eneida: Binti, njoo uone.

Vumbi lilikuwa na alama ya kiatu changu cha kushoto. Moja tu. Imezungushwa na imechimbika kama shimo la kuku, mahali pale pale.

Radio: Jicho hilo! Nilisema jicho!

Wembe: Jicho gani, alikuwa amefumbua yote mawili. Ni maongezi yangu.

Injinia: Mguu ukishaonja chuma hausahau. Ndivyo ilivyo hata kwa feni.

Mimi niligeuka. Nikamwona Maylén benchini mapajani mwa Radio, kizibo kimoja mkononi, anakipeleka mdomoni, nikamkimbilia, nikamnyang'anya, akalia, nikambana kifuani, na hapo ndipo nikaelewa yote, na nikaogopa upya, woga mbaya kuliko wa asubuhi.

Mimi: Na kesho?

Wembe: Kesho nini?

Mimi: Kesho, uwanjani, nyuma yangu atakaa nani?

Injinia akampa Wembe kikombe, Wembe akachungulia ndani, akampa Radio. Radio akainamisha chupa ya kahawa. Zikatoka njegere mbili.

Jumapili nilivaa jezi na bata wake. Waliniweka wa saba, si wa nne, na hapo pia kocha Milagros alinitazama kama mtu anayekopesha mwavuli. Mara ya kwanza kupiga, Damaris alirusha wa nje, nikaupiga kizembe, wakanitoa. Mguu haukujaribiwa. Mara ya pili wenzangu wawili walikuwa vituoni, kituo cha pili na cha tatu, tumefungana, na nilipoingia Damaris alitazama kifungo changu. Nasema kweli, alimtazama bata. Nikajua unakuja wapi. Mkojo ulitaka kunitoka. Nikausikia mguu wa kushoto unaanza kujiandaa, kisigino kinapanda chenyewe, na nikajisemea basi, kwaheri kumi na nne.

Nyuma yangu, nyuma ya uzio wa waya, mtu akauliza kwa sauti kubwa:

Eneida: Nani wa mwisho?

Nikageuza shingo. Kwenye ngazi za saruji, moja kwa moja nyuma ya mgongo wangu, ameketi Radio na Maylén mapajani. Nyuma yake Wembe. Nyuma ya Wembe Injinia na kile chuma chake, cha nini sijui. Eneida na kofia yake. Halafu dada wawili, fundi viatu, mwalimu wa hesabu, ngazi kwa ngazi, kama foleni, na juu kabisa yule wa baiskeli, na baiskeli.

Wa baiskeli: Mimi! Leo wanatoa nini?

Waya ulikuwepo. Najua waya ulikuwepo, mpira hauwezi kupita kwenye waya ule, mimi nimemaliza sekondari. Lakini mguu haukusoma. Mguu ulisikia Maylén anacheka kule nyuma, na kisigino kikashuka.

Ukaja ndani, kwenye mbavu, mkali kuliko kile cha kifungo. Kiwiko kikabana. Nyonga ikafunguka. Na sikusikia tik, nilisikia mlio mmoja mzito wa mbao ambao nilikuwa nimeusahau tangu kabla ya mimba, na mpira ukaondoka chini chini kwenye mstari, ukampita mchezaji wao wa kituo cha tatu kabla hajainama, ukagonga ukuta wa kona kule miwa inakoanzia. Wenzangu wawili wakaingia, pointi mbili. Uwanja mzima ukasimama. Radio anatangaza bila kipaza sauti na anasikika mpaka kiwandani.

Na mimi nikasimama na wao. Nikautazama mpira. Nikautazama mguu. Ulikuwa pale, umechimba, mzuri, umetulia kama mguu wa sanamu, na nilikuwa na furaha nao sana.

Wote: Kimbia! Yudi, kimbia!

Mguu uliokimbia miezi mitano bila kuitwa, siku umeitwa na uwanja mzima ukakataa kuondoka. Nilipofanikiwa kuung'oa, mpira ulikuwa tayari unarudi, na kwenye pigo ambalo hata mama mkwe angefika kituo cha pili akitembea, mimi nilifika cha kwanza kwa kujitupa kwa tumbo, na mwamuzi akafikiria muda mrefu kabla ya kutandaza mikono kwamba nimefika.

Kocha Milagros alikuja hadi pale nilipolala. Akaninyanyua kwa ukosi, akanipangusa vumbi kwenye namba, akamrudisha bata wima.

Milagros: Jezi yako. Lakini huo mguu, kesho asubuhi uurudishe kijiweni, wakaufundishe kukimbia.

Na kesho yenyewe zamu ya kahawa wameniwekea mimi. Kuna mtu anaamka huku, ngoja niifiche kalamu.